Hongera, Wagawaji wa Vya Bure

Wanaowabeza majirani wanaotusambazia habari za vya bure kwenye kikundi cha mtaa hawana shukrani. Benki hutaka kitambulisho, mdhamini na hati ya nyumba kabla haijamwamini mtu. Jirani yetu mmoja hakuuliza hata jina la aliyemtumia habari. Saa nane usiku alituamsha wote tukachukue GB 50 za bure, kwa sharti dogo tu: tuma kwa vikundi kumi. Magazeti huajiri wahariri. Yeye ana kidole gumba, na bado huwatangulia. Kwamba baadaye simu za watu kadhaa zilianza kutuma ujumbe zenyewe, hilo waulizwe wenye simu.

Halafu yupo mama mmoja, bingwa wa soko la samaki la Feri. Alfajiri, samaki wanaponadiwa, huwa kimya kama maji ya mtungi. Saa tano, changu wake wakishalala kwenye friji, ndipo anapotukumbuka: "Jamani, leo Feri bei ya kutupa! Poleni mliokosa." Moyo wa kumpa pole mtu kwa hasara asiyojua kuwa ameipata si wa kila mmoja.

Chanjo za watoto ni bure kliniki. Maktaba Kuu ipo pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed tangu 1967. Kuhusu hayo kikundi kimenyamaza, na kwa busara: habari isiyo na vikatuni vya moto, wala laana kwa atakayeikatisha, watu wazima wataiaminije?