Mpeleke Mtoto Chuo Kikuu, Pesa Uzifiche

Sogea karibu, mzazi mwenzangu, na akipita mtu tunyamaze kidogo. Mtoto wako amepata nafasi chuo kikuu. Tangu habari ienee, kila unayekutana naye hapa Mulot, upande wa Bomet na upande wa Narok, anakuuliza swali lile lile: "Mnampeleka lini?" Wanataka kuona gari. Wanataka kuona sanduku. Wanataka kukuona wewe, umenyoa ndevu na kuvaa koti.

Mimi nimepeleka watatu. Wa kwanza nilimpeleka kwa fahari. Kufikia wiki ya sita alikuwa akila kwa mwenzake wa chumbani huku mimi nikidaiwa pesa za hema. Wa tatu nilimpeleka kwa ujanja, akamaliza muhula ameshiba. Ujanja wenyewe ndio huu, na msingi wake ni mmoja: siku ya kuripoti hakuna mtoto anayelala njaa. Njaa iko Oktoba. Basi idanganye siku ya kuripoti, uitunzie Oktoba pesa zake.

1. Uza ng'ombe kabla ya bahasha.

Matokeo ya mtihani wa KCSE hutoka Januari. Mtoto akipata C+ au zaidi, jua kuna safari, usingoje KUCCPS, wanaopanga nafasi za vyuo, wakuthibitishie. Peleka ng'ombe mnadani Mei au Juni, wakati mvua ndefu imeacha majani na mnyama ana mwili. Ukingoja Agosti utakutana na wazazi wenzako wote wameshika kamba, na dalali akiiona bahasha ya kaki yenye barua ya chuo kwapani mwako ameshajua bei utakayokubali. Pesa ziweke kwenye sako, kwenye akaunti yenye masharti ya kutoa. Jirani akiuliza, mwambie ng'ombe alikuwa hashiki mimba.

Kama una majani chai, iwe Konoin au Mogogosiek, bonasi isahau. Huja Oktoba, mtoto ameshafika, na hujui itakuja na sura gani. Mwaka 2025 viwanda vya upande wetu, magharibi mwa Bonde la Ufa, vilitangaza bonasi ndogo mno ukilinganisha na vya Mlima Kenya, na waliokuwa wamekopa kwa kuitegemea walijua hawajui. Ikija, ni ya Januari.

2. Usijitape kwenye fomu ya mkopo.

Hapa ndipo wanaume wengi tunapoanguka. Fomu inauliza kazi ya mzazi. Una kibanda cha kuchaji simu na ekari moja ya mahindi, lakini mtoto anakuangalia, mkono unaandika "mfanyabiashara". Tangu 2023 serikali hupanga wanafunzi kwa uwezo wa familia zao, na kiasi cha ufadhili na mkopo hutegemea majibu hayo. Kompyuta haitakuheshimu kwa neno hilo. Itakupunguzia tu msaada. Andika "mkulima mdogo", andika idadi ya watoto wanaosoma, kisha nenda nje ukajitape kwa watu. Usidanganye hata shilingi moja kwenda chini pia. Ukweli wetu unatosha.

Laini ya simu atakayoombea mkopo mtoto isajiliwe kwa kitambulisho chake mwenyewe, si chako wala cha mjomba. Na mkopo wa HELB ukichelewa, jambo ambalo ni desturi kwa wanaoanza, usishtuke. Ndiyo maana tuliuza ng'ombe Mei.

3. Fanya harambee isiyo na hema.

Huwezi kukwepa mchango. Watu wana haki ya kumbariki mtoto. Ila hema, viti mia, spika na mgeni wa heshima hula chote kilichochangwa. Wa kwanza alichangiwa vizuri, na tulipomaliza kulipa jenereta tulibaki na pesa za nauli. Fanya hivi: Jumapili, ibada ikiisha, kabla watu hawajatawanyika, chai na mandazi chini ya mti. Mzee mmoja aombe. Nusu saa, imekwisha.

Waambie wazi kuwa vitu vinapokewa. Mtu asiye na shilingi mia tano ana blanketi, ana ndoo, ana kilo nne za maharagwe. Shangazi akitaka kushona jina lake kwenye ukingo wa blanketi, muache ashone, tena kwa uzi mwekundu. Usiku wa kwanza chumbani, kati ya watoto watatu asiowajua, mwanao atalisoma jina hilo kwa vidole.

4. Azima sanduku.

Sanduku la magurudumu ni la langoni tu. Azima. Ndani yake weka gunia safi lililokunjwa. Mkifika chumbani, vitu viingie kwenye gunia, gunia liingie chini ya kitanda, na wewe rudi na sanduku ukamkabidhi mzazi anayefuata. Sanduku la shemeji yangu limeshajiunga na vyuo vikuu vinne.

Cha kuweka ndani kinategemea alikopangiwa. Akienda Njoro au Kesses, baridi ya huko ni ndugu wa baridi yetu, ongeza sweta moja utulie. Akienda Maseno au Mombasa, neti iliyotiwa dawa itangulie viatu. Mtoto aliyekulia huku juu mwili wake haujazoea malaria, na homa anayoipuuza mwenyeji wa kule inaweza kumlaza wetu wodini. Mwambie: mwili ukichemka, apimwe siku hiyo hiyo. Hakikisha ameandikishwa SHA, ile mamlaka ya bima ya afya iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Koili ya umeme usimnunulie hata akilia. Vyuo vingi huikataza vyumbani, na inachoma godoro pamoja na mwenye godoro.

Nakala za karatasi zitolewe hapa hapa nyumbani: barua, matokeo, kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, tano tano, pamoja na picha ndogo. Karibu na lango la chuo siku ya usajili, mwenye mashine ya nakala ndiye mfalme.

Sasa mursik, maziwa yetu ya mgando. Najua itakwenda, sikatazi. Lakini nisikilize. Wa pili alibeba ndani ya sotet, kile kibuyu cha kogo, bibi yake, kizibo kimekazwa kwa nailoni ili isimwagike. Kwa muda wa saa tano ndani ya matatu yenye joto, maziwa yanaendelea kuchacha. Tulipofika mbele ya foleni ya usajili akafungua begi kutoa cheti, kizibo kikaruka chenyewe. Maziwa yale ya kijivu, na vumbi lake la mkaa wa mti wa senetwet, yalitua juu ya barua, juu ya nakala zote tano, na juu ya kiatu cha baba mmoja aliyevaa suti. Yule baba akainama, akachovya kidole, akaonja. Akaniuliza, "Hii ya wapi? Sotik?" Tukawa marafiki hadi leo, lakini barua ilibidi ichapishwe upya na tulipoteza zamu.

Kwa hiyo mursik iende kwenye chupa ya plastiki, isijazwe hadi juu, na njiani kizibo kilegezwe kila mnaposimama. Sotet ibaki kwa kogo. Mtoto anayeacha sotet nyumbani ana sababu ya kurudi Desemba.

5. Ondoka gizani.

Saa kumi na nusu alfajiri. Majirani watasikia mlango wa gari ukifungwa, na gizani mlango wa Probox unalia kama wa Prado. Wasifie wanachokisikia. Ikufikishe barabarani tu, kisha panda matatu ya kawaida kwenda Narok au Bomet, unganisha kama abiria wengine, kisha teksi uichukue stejini hadi langoni, ule mwendo mfupi wa mwisho. Walio langoni hawajui ulianzia wapi. Na kwa kuwa umefika mapema, foleni bado fupi.

6. Mpe mtoto ngao ya jina.

Hili nalisema taratibu. Mji wetu umeandikwa sana magazetini kwa ulaghai wa laini za simu. Mtoto akisema chumbani anatoka Mulot, wenzake watashika mifuko na kucheka. Asibadilishe kwao akasema Bomet mjini. Acheke nao siku ya kwanza, na siku ya pili awaonyeshe namna ya kulinda namba zao za siri. Kijana wa Mulot ndiye anayejua kwamba hakuna kampuni inayokupigia kukuuliza namba yako ya siri. Ndani ya mwezi watakuwa wanampelekea kila ujumbe wa kutiliwa shaka.

Nyumbani nako jilinde. Wageni wa chuo huwindwa: huyu anauza kitanda cha hosteli kwa simu, yule anampigia mzazi usiku, "Mtoto wako amepata ajali, tuma pesa za hospitali." Chumba kilipiwe kwenye mfumo wa chuo peke yake. Na kwa ile simu ya usiku, wekeni swali la siri kabla hamjaagana. Letu linahusu ng'ombe aliyesombwa na mto mtoto akiwa darasa la tatu. Jina la ng'ombe huyo halijaandikwa popote, wala silitaji hapa. Asiyelijua hapati hata shilingi, alie atakavyo.

7. Ondoka kabla ya saa saba.

Mama atandike kitanda mara moja, hilo usimnyime. Kisha muage, shikaneni mikono, geuka. Usizunguke hosteli ukiwahoji wenzake wanatoka ukoo gani. Usimpe pesa zote mkononi hata kidogo, maana muhula una wiki kama kumi na tano na wiki ya kwanza ina marafiki wengi. Mimi hutuma shilingi 1,200 kila Jumatatu asubuhi. Ya Ijumaa haifiki Jumapili.

Machozi yaachilie ndani ya matatu, kiti cha dirishani, sanduku tupu mapajani. Laza kichwa juu yake, kila mtu atadhani umechoka.

Halafu ngoja wiki ya sita. Mtoto wa Kikipsigis hatakwambia ana njaa. Amelelewa vizuri mno. Atapiga jioni, aulize habari za mama, za kogo, za shamba. Ataulizia ng'ombe. Mtazungumza mengine, kisha atarudi kuulizia ng'ombe tena. Akiuliza mara ya pili usimjibu habari za ng'ombe. Mwambie unampigia sasa hivi, kata simu, tuma pesa, kisha mpigie umweleze ndama amezaliwa wa rangi gani.