Kabati la Jirani
Hapa Nyeri, ambapo baridi ya Julai humfanya hata mwungwana mwenye haya avae makoti mawili bila kuomba radhi, yupo jirani yangu aliyeazimia, baada ya mlango wa kabati lake kukataa katakata kufungwa, kupunguza mavazi yabaki yale tu yanayowafiki tabia yake. Azma njema, wallahi. Alinitolea hata mfano wa Baden-Powell, mwasisi wa skauti, aliyehamia mjini humu mwaka 1938 akaishi Paxtu, nyumba ndogo katika viwanja vya Hoteli ya Outspan, hadi alipofariki Januari 1941. Naye, alidai, kofia na kaptura zilimtosha. (Sikumkumbusha kwamba yule alikuwa na watoto wa dunia nzima wakimvalia yaliyosalia.) Basi akafunga magunia matatu, akayapeleka Karatina siku ya soko kuyauza, na kwa kuwa marobota ya mitumba yalikuwa yamefunguliwa asubuhi ile ile, na mchuuzi akamwapia kwamba koti la sufu aliloshika ni kamera, yaani chaguo la kwanza, alirejea magharibi na magunia manne. Hilo la nne, alinieleza kwa utulivu wa mwanachuoni, ni la nguo za kuvaa wakati wa kupunguza.