Mkebe wa Shangazi

Shangazi yangu ana mkebe wa biskuti ambao haujaonja biskuti tangu miaka ya themanini. Hukaa juu ya friji, kifuniko kimepinda, na ndani yake mna dawa za ukoo mzima. Yeyote katika nyumba yetu hapa Bondeni aliyewahi kuugua, akapata nafuu, akabakisha vidonge vitatu, amechangia. Hata marehemu wamo. Ipo pakiti ya dawa ya presha aliyoiacha ami yangu, Mungu amrehemu, na Shangazi huiinua mbele ya wageni akaisifu: "Hii nzuri sana. Aliitumia mpaka mwisho."

Wiki mbili zilizopita nililala Alhamisi nikiwa mtu, nikaamka Ijumaa shavu la kushoto limeumuka kama hamri. Jino. Lile la nyuma kabisa, ambalo hujui kama unalo mpaka liamue kukujulisha. Sasa mtu wa kwingine angekwenda kwa daktari wa meno. Hapa kwetu ugonjwa hauruhusiwi kufika hospitali kabla haujapita barazani, na hata saa tatu haijagonga nilikuwa nimekwisha andikiwa karafuu ya kubana jinoni, maji ya moto yenye chumvi, habasoda, mwarobaini wa kusukutulia, na kutoka kwa jirani seremala, kidonge chake cha mgongo, ambacho alikitoa mfukoni mwa shati kikiwa na vumbi la mbao.

"Meza hiki. Mimi kilinisaidia kiuno."

Nikamwambia mimi naumwa jino.

"Kitajua pa kwenda."

Nikakimeza. Ndivyo tulivyo. Tunaamini kidonge ni kama dereva wa tuktuki: ukimwambia Makadara, hukupeleka Makadara. Kufikia saa tano jino lilikuwa limepunguza kelele, lakini tumbo lilikuwa likiwaka kana kwamba mtu ameninywesha pilipili kwa kijiko.

Tumbo sikulihesabu, maana Shangazi alikuwa ameshaanza kazi tangu asubuhi. "Ndoo hapa, mwana wa nduyangu." Saa moja alinipa vyeupe viwili. Saa mbili akaona macho yananitoka machozi, akaongeza viwili vya mafua. Saa tatu na nusu mke wa seremala, asije akaonekana hana mchango, akaleta viwili vyake vya kichwa, vyenye jina jengine kabisa. Mwisho Shangazi akapekua chini ya mkebe akatoa kapsuli mbili za rangi mbili, nyekundu na nyeusi. Zilibaki, aliniambia, mjukuu wake alipotahiriwa. Nikauliza mbona zimebaki mbili tu. Nyengine zilifunguliwa unga ukanyunyizwa kidondani.

Mbili hazitoshi, hata mimi najua. Nikazitia mfukoni, nikashika njia kwenda duka la dawa kuongezea nne. Duka nililoliingia lina binti mmoja mwembamba nyuma ya kaunta, kibali cha bodi kimetundikwa ukutani juu ya kichwa chake kama picha ya harusi. Bahati yangu mbaya. Mji huu una maduka ambayo yangeniuzia hata robo kapsuli bila kuniangalia usoni, na mimi nikaangukia hili.

"Cheti kiko wapi, mzee wangu?"

"Cheti cha nini? Nne tu."

Badala ya kunijibu akaniuliza nimemeza nini tangu asubuhi. Nikayatoa makaratasi yote, maana mtu aliyekuwa karani wa tali bandarini Kilindini miaka thelathini na moja hatupi karatasi. Akayapanga juu ya kaunta kama karata. Ukucha wake ukapita chini ya maandishi makubwa, yale ya kupendeza, ukashuka mpaka kwenye maandishi madogo ambayo mimi bila miwani huyaona kama sisimizi. Paracetamol. Paracetamol. Paracetamol.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu Bondeni. Mtaani kwetu kila mtu ana lakabu. Ukimtafuta jirani kwa jina la kwenye kitambulisho utazunguka mpaka magharibi, na mke wake mwenyewe atakwambia hamjui mtu huyo. Basi dawa nazo ni hivyo hivyo. Jina kubwa la pakiti ni lakabu iliyotolewa na mwenye kiwanda. Jina lake la kuzaliwa limeandikwa kwa herufi ndogo pembeni. Panadol ni lakabu. Vya mafua vilikuwa na lakabu yao, vya mke wa seremala na yao. Mimi nilidhani nimekaribisha wageni watatu, kumbe ni mtu mmoja anaingia mara tatu kwa kubadilisha kofia.

Vidonge sita vya miligramu 500. Gramu 3 kabla ya saa nne asubuhi, na kikomo cha mtu mzima ni gramu 4 kwa saa 24. Ningebakisha viwili tu mpaka kesho yake, na Shangazi alikuwa ameshaniandalia vya mchana.

"Kwani ikizidi itakuwaje? Si nitalala tu?"

Binti akanieleza, na alipokuwa akieleza nikagundua kwamba anaizungumzia bandari. Sijui kama mwenyewe alijua. Mzigo wowote unaopitia tumboni hauingii mjini moja kwa moja. Damu itokayo utumboni hukusanyika kwenye mshipa mmoja mkubwa ikapelekwa kwanza kwenye ini. Ini ndilo forodha. Hufungua kila kasha, hukagua, hutoza, na mengine huyaharibu pale pale. Zipo dawa zinazotozwa kidogo. Zipo kama morfini, ambayo ukiimeza sehemu kubwa hupotelea forodhani, ndiyo maana kipimo cha kumeza huwa kikubwa kuliko cha sindano. Na ipo ile ya moyo, nitroglisirini, ambayo ini huikomba karibu yote. Kwa hiyo mgonjwa huiweka chini ya ulimi, ikapenya kwenye mishipa midogo ya hapo na kufika moyoni bila kugusa forodha. Njia ya panya! Miaka thelathini na moja nimewasikia wakubwa wakilaani njia za panya, kumbe madaktari wanaziandika kwa kalamu.

Hiyo paracetamol nayo, ini likiifanyia kazi, nyingi hutoka salama kupitia mafigo, lakini kiasi kidogo hugeuka sumu. Kwa kawaida si neno, kwa sababu ini lina akiba ya kitu kiitwacho glutathioni, ambacho huikamata sumu hiyo na kuisindikiza nje. Ukileta mzigo mwingi kwa mpigo, akiba huisha, na sumu iliyobaki huanza kulichoma ini lenyewe. Ubaya wake, siku ya kwanza mtu anaweza kujiona mzima tu, anakula mbaazi zake, anacheka. Nikazishika mbavu za kulia. Binti akasema gramu 3 hazijavuka mpaka, ila nisimeze tena ya aina hiyo leo, nisipite tena kwa Shangazi, na nimwambie kile cha seremala kilikuwa nini.

Kilikuwa diklofenaki. Nayo haijui pa kwenda, hakuna kidonge kinachojua. Huingia kwenye damu ikazunguka mwili mzima, kuanzia utosini hadi kwenye ukucha wa mguu, na popote inapofika huzuia utengenezaji wa prostaglandini, ambazo kwenye jino bovu ndizo zinazokuza maumivu na uvimbe. Jambo hili lilifumbuliwa 1971 na Mwingereza John Vane, aliyekuwa akiichunguza aspirini, na likamfikisha kwenye Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Tatizo ni kwamba tumboni prostaglandini hizo hizo ndizo zinazolinda ukuta wa tumbo usiliwe na tindikali yake. Dawa haibagui. Imenyamazisha kengele ya jino, na kule tumboni ikamfukuza bawabu. Na mimi niliimeza bila hata andazi.

Nikarudi kwenye hoja yangu. Nne tu, za rangi mbili.

Akaniambia hawezi, ni sheria. Bodi yenyewe inaitwa Bodi ya Famasia na Sumu, imetokana na Sheria ya Famasia na Sumu, Sura ya 244, ya miaka ya hamsini, enzi za Mwingereza. Kila dawa sharti isajiliwe na bodi kabla ya kuuzwa nchini, na zile za cheti zimo kwenye orodha ya sheria hiyo, ambayo jina lake ni Orodha ya Sumu. Yaani kisheria, Shangazi ana mkebe wa sumu juu ya friji, karibu na samli. Nikacheka mpaka shavu likanikumbusha. Nikamuuliza, na ile dawa ya maji ya kifua ambayo binamu yetu hutuletea kutoka Maskati, chupa nzuri, maandishi ya Kiarabu matupu? Binti hakucheka. Akaniuliza kama nimesikia ya Gambia. Mwaka 2022 watoto wapatao 70 walikufa kwa mafigo, na Shirika la Afya Duniani likatoa onyo kuhusu dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na daiethilini glikoli, kitu cha viwandani. Sumu hiyo hiyo iliua watu zaidi ya 100 huko Marekani mwaka 1937, ikiwa ndani ya dawa ya maji, na sheria yao kali ya dawa ya 1938 ilitungwa juu ya makaburi hayo. Miaka 85 baadaye chupa ikarudi. Nikasema ya Maskati tutaiweka pembeni.

Basi nikaenda kwa daktari wa meno, kwa hasira, alasiri. Akatazama, akatoboa, akatoa usaha ambao sitausimulia kwa heshima ya wanaokula. Akaniandikia amoksilini, kapsuli 15, moja kila baada ya saa nane kwa siku tano.

Kila baada ya saa nane! Mimi nimelelewa na "kutwa mara tatu", na kutwa mara tatu kila mtu anajua maana yake: chai ya asubuhi, wali wa mchana, chakula cha usiku. Hii nyengine ina maana ya saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, saa ambayo mimi nimeshaanza kukoroma kibarazani. Lakini nikapiga tali yangu. Mafigo huitoa amoksilini kwa haraka mno. Kila saa moja hivi, nusu ya iliyomo kwenye damu imeshaondoka. Ikiwa 100 zimeingia, saa ya kwanza zimebaki 50, ya pili 25, ya tatu 12 na ushei, na kabla saa ya nane haijafika gati ni tupu. Vijidudu vikikuta gati tupu vinafanya nini? Vinajenga. Kijidudu cha bakteria kina ukuta kama nyumba ya Mji wa Kale, na kadiri kinavyokua lazima mafundi waukarabati. Amoksilini huwashika mafundi mikono. Kijidudu kinaendelea kuvimba, ukuta haukarabatiwi, kinapasuka. Sisi chembe zetu hazina ukuta wa namna hiyo, ndiyo maana dawa hutupita bila kutugusa. Virusi vya mafua navyo havina, kwa hiyo zile rangi mbili ambazo Shangazi hugawa kila msimu wa kusi kwa kila mtoto anayepiga chafya, hazijawahi kumpasua mtu yeyote.

Siku ya pili usiku shavu lilikuwa limerudi mahali pake. Shangazi akaja na mkebe, kifuniko tayari mkononi.

"Umepoa?"

"Nimepoa."

"Alhamdulillahi. Zilizobaki?"

Zilikuwa zimebaki tisa. Tisa! Katika mkebe ule tisa ni utajiri, ni tohara tatu. Nikasema nitazimaliza. Akaniangalia kama mtu aliyetangaza kwamba atakula sufuria nzima ya biriani peke yake. Nikajaribu kumkumbusha klorokwini. Anaikumbuka, nani asiyeikumbuka? Sisi watu wa Pwani tuliimeza malaria ikapoa, tukakesha tukijikuna kwa kitana, kwa ukuta, kwa mgongo wa mlango. Ilifanya kazi mpaka ikaacha. Malaria sugu iligunduliwa kwa wasafiri waliopita Kenya na Tanzania mwishoni mwa miaka ya sabini, na wataalamu wa jeni wameifuatilia asili yake hadi Asia ya Kusini-Mashariki. Ilishuka pwani hii kama shehena nyengine yoyote. Sisi tukaipokea vizuri, na nusu dozi zetu. Mwaka 1998 serikali ikaiacha klorokwini ikachukua dawa ya salfa, na kufikia 2004 hiyo nayo ikaamuliwa iachwe, ikaja dawa mseto yenye artemisinini, vidonge 24 kwa siku tatu kwa mtu mzima. Juzi tu nimeona sita za mseto ndani ya mkebe.

"Hizo ni za akiba," akasema Shangazi.

"Aliyeziacha alipona?"

Akafikiri. "Alirudi tena hospitali."

Hakuongeza neno, na mimi sikuongeza. Nilizimaliza zote 15, ya mwisho saa nne usiku, nikiwa nimetegewa king'ora cha simu na mjukuu wangu ambaye alifurahia sana kuniamsha. Nikaandika tiki ya kumi na tano nyuma ya bahasha kama karatasi ya tali. Asubuhi Shangazi akaja kudai hata karatasi tupu. Nikampa. Akavaa miwani yangu, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha, akaisogeza karibu na pua.

"Haya," akasema, akiweka kidole juu ya maandishi makubwa, "hili ni jina lake au ni lakabu?"