Sifa za Pweza, Nduguye Konokono

Wengine wamsifu simba. Mimi namsifu pweza, kiumbe asiye na mfupa hata wa kukukwama kooni.

Sokoni anaitwa samaki, maana hupangwa meza moja na changu na kibua, na sijaona mchuuzi akimdai uti wa mgongo. Shemeji zangu wa bara husema ni mdudu, wakaisogeza sahani kando. Sisi wa pwani tukiwacheka, tumcheke na Linnaeus, bingwa wa kuainisha viumbe kutoka Sweden, ambaye mwaka 1758 alimtia pweza katika fungu la minyoo! Zamani zaidi, Aristotle alimwita mpumbavu, eti ukitumbukiza mkono majini husogea kuuchungulia. Nasi tunamsema kwamba hujipalia makaa.

Mpumbavu huyo ana mioyo mitatu, damu ya buluu, na seli za neva zipatazo milioni 500, theluthi mbili hivi zikiwa kwenye minyiri. Mwenye mikono minane inayojifikiria yenyewe, kichwa ni cha pambo tu.

Siku hizi wataalamu wamempatia ukoo: ni moluska. Ndugu zake ni konokono na chaza, na huyo chaza kichwa hana kabisa. Ningekuwa mimi ningewakana. Pweza hakuwakana. Wahenga wake walibeba magamba kama wao. Yeye kaliacha gamba, akawa mpangaji wa mashimo ya miamba, asiyelipa kodi. Kilichobaki kigumu ni mdomo uliopinda kama wa kasuku, na ndani yake mna ulimi wenye vimeno vidogo vidogo, kama alio nao konokono. Ukoo haufichiki mdomoni. Katika ukoo huo wamemweka pamoja na ngisi kwenye ngeli ya sefalopoda, Kigiriki cha miguu kichwani. Ngisi ana minyiri kumi, yeye minane, basi akapewa oda yake mwenyewe, Oktopoda.

Kiswahili kilishamaliza shauri hilo mapema: pweza anakuja, pweza wanakuja, ngeli moja na kadhi na mwalimu. Kunguni naye yumo, najua, lakini leo si zamu yake.

Naandika haya kibarazani, kikombe cha supu yake mkononi, ndimu na pilipili zimekolea. Niwieni radhi, inapoa.