Inauzwa: Valvu Isiyo na Hatia

Taa ya injini iliwaka siku mama mkwe anarudi Tanga. Alikaa kiti cha nyuma, vikapu viwili miguuni, kingine pajani. Tulitoka Tabata alfajiri kuwahi basi stendi ya Mbezi. Kwenye mwinuko wa Kimara IST yetu ikalegea. Nakanyaga mafuta, injini inaunguruma, mwendo hauongezeki. Bajaji iliyobeba magodoro ikatupita.

"Baba," mama mkwe akaniita taratibu, "gari limeniona mzito?"

"Hapana mama, bado halijapata moto."

Nilisema hivyo huku nimeziba dashibodi kwa kiganja asikione kile kitaa cha njano. Basi tulilikuta linaondoka. Yeye akapanda, mimi nikarudi nyumbani na aibu yangu.

Jioni hiyo kila mtu akawa fundi. Shemeji alisema plagi. Jirani, ambaye gari lake liko juu ya mawe tangu mwaka juzi, alisema oili. Nikampelekea kijana mmoja mwenye mashine ya kupimia. Akachomeka chini ya usukani, akachukua Sh 10,000, akatoa jibu: P0010. "Bosi, valvu ya VVT-i imekufa." Kesho yake nikashuka Gerezani, nikarudi na valvu ya mtumba ya Sh 45,000 imefungwa kwenye gazeti kama samaki.

Hapa lazima niitetee mashine. Mashine haikusema valvu imekufa. Aliyesema ni kijana. P0010 maana yake ni kwamba kompyuta ya gari, ile ambayo mafundi wanaiita kontroli boksi, imeona hitilafu kwenye njia ya umeme inayokwenda kwenye valvu hiyo. Njia hiyo ina valvu, ina soketi, ina waya mbili, na mwisho wake ni kontroli boksi yenyewe. Washukiwa wanne, nami nikamfunga mmoja bila kesi. Ingekuwa P0011, tofauti ya tarakimu moja tu, tungekuwa na shauri jingine kabisa: kemshafti imetangulia kuliko ilivyoagizwa, na hapo unatafuta oili chafu, kichujio kilichoziba au valvu iliyokwama.

Kemshafti ni ule mtaimbo wenye vinundu unaofungua milango ya kuingizia hewa kwenye silinda. Kwenye injini yetu ya lita 1.5, jina lake 1NZ-FE, kontroli boksi huusogeza mbele kidogo au kuurudisha nyuma wakati injini inaendelea kuzunguka, ili milango ifunguke mapema au ichelewe kulingana na kazi iliyopo. Hiyo ndiyo VVT-i. Nguvu ya kuusogeza inatoka kwenye msukumo wa oili. Hiyo valvu ya umeme ni bawabu tu, anachagua oili ipite njia gani. Umeme ukikatika bawabu analala, na kemshafti inabaki kwenye kuchelewa. Gari linawaka, silensa imetulia, ila ukikuta mlima nguvu hakuna. Kimara nilikutana na hilo nikiwa na shahidi.

Valvu inashikwa na boltu moja tu, spana namba 10. Kuifungua kulinichukua dakika tano. Saa mbili zilizofuata tulimtafuta boltu, maana aliniponyoka akazama chini ya injini, na mwanangu akaingia uvunguni na tochi ya simu hadi akatoka mweusi kama mkaa. Oili iliyonimwagikia mikononi niliifutia kitambaa kilichokuwa karibu. Kumbe ni mkono wa gauni la mteja. Mke wangu ni fundi cherehani, na mteja alikuwa anavaa Jumamosi.

Nikafunga ile valvu ya Gerezani. Kijana akaja, akafuta kosa. Nikawasha gari. Taa ikarudi kabla sijafunga boneti.

Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni na ule mkono wa gauni. Alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa ile sauti ya upole inayotisha: "Mume wangu, pasi yangu ilipokata mwezi wa tatu, tulinunua pasi nyingine?"

Hatukununua. Alipima waya, akakuta umekatikia karibu na plagi, akaufupisha. Multimeta ni yake. Anapimia pasi na mota ya cherehani. Mimi nilikuwa naiona pale kabatini nikidhani ni ya kuchezea.

Tulianza na valvu niliyoitoa. Kwa injini hii, nzima inatakiwa isome kati ya omu 6.9 na 7.9 kwenye joto la nyuzi 20. Nyuzi 20 Dar es Salaam utazipata kwenye friji, kwa hiyo ikizidi kidogo isameheke. Ikasoma 7.6. Akaiunganisha na betri kwa sekunde moja tu, ikaitikia: kach! Nzima kabisa. Ile ya Gerezani nayo nzima. Nilikuwa nimebadilisha nzima kwa nzima.

Zikabaki waya. Akaniamuru nitoe kichwa cha betri na kuchomoa soketi pande zote mbili, ya valvu na ya kontroli boksi. Mimi nikashika huku, yeye kule. Waya wa kwanza multimeta ikalia pii. Wa pili ikanyamaza. Tukarudia, ikanyamaza vilevile.

Tuliufuata kwa vidole, tukichana tepu nyeusi polepole, mpaka nyuma ya injini, kwenye kona ambayo mkono wangu hauingii lakini wake unaingia. Akatoa kwanza punje za mchele, kisha vipande vya kitenge vilivyosokotwa vizuri kama kitanda. Akavitambua: mabaki ya gauni la Idi. Chini ya kitanda hicho waya ulikuwa umetafunwa hadi shaba, umekatika.

Panya. Na aliyempeleka paka wetu kwa binamu kule Chanika, kwa kosa la kulamba changu wangu wa kukaanga, ni mimi. Hilo halikusemwa kwa sauti. Lilisemwa kwa kutonitazama.

Fundi umeme wa magari alikuja jioni, akalehemu, akafunika kwa mpira, akafunga tepu. Robo saa, Sh 10,000. Taa imezimika hadi leo, na Kimara napanda nikiwa na abiria wanne.

Paka hajarudi, binamu anasema amemzoea. Valvu ile ya zamani nimeirudisha mahali pake. Ya Gerezani iko kwenye droo ya vijiko, na nimepewa hadi Jumapili kuiondoa. Mwenye kuihitaji aje. Inasoma 7.5, nimepima mbele ya shahidi. Ila ndugu yangu, kabla hujaja, pima waya zako.