Misingi ya Elimuchaka: Kimo, Mwinuko na Upenyeko kati ya Masasi na Newala

Mwanafunzi, kaa sawasawa na ufungue daftari. Vitu vinavyostahili kuchunguzwa na akili ya mwanadamu ni viwili tu: nyota na vichaka. Nyota zimekwisha kupata wataalamu wake. Vichaka vimeachiwa mbuzi, na ndiyo maana ulimwengu uko kama ulivyo.

Fasili ya Kwanza. Kichaka ni mmea wa mashina mengi ambao, kwa sababu za kimazingira, haukupanda cheo cha mti. Mti uliokatwa ukachipua upya huitwa kichaka-kaimu. Mpingo, ambao Wamakonde wameupa sifa duniani kwa vinyago, hukua taratibu mno. Kwenye ardhi duni hukaa kaimu miaka mingi bila kuthibitishwa kazini. Tusiudharau. Wapo watumishi wa namna hiyo.

Fasili ya Pili. Upenyeko ni uwezo wa kichaka kupenywa na mtu mzima aliyevaa nguo. Kizio chake ni shati. Kichaka cha shati moja hupitika kwa hasara ya shati moja. Cha mashati matatu hupitika kinadharia tu. Upupu hauingizwi kwenye hesabu hii, kwa kuwa aliyeguswa nao huvua shati mwenyewe na kuharibu takwimu.

Sasa Kanuni ya Mwinukokimo. Kila unapopanda mita 100, joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6, na mmea hupungua majivuno. Ushahidi uko Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895. Msitu mkubwa unakoma karibu na mita 3,000, na jamii ya erika inashika zamu: chini husimama kama miti halisi, juu zaidi hujikunyata hadi usawa wa goti, na mbele ya hapo ni majani makavu, mawe na watalii wanaohema. Moto nao umeushusha mpaka wa juu wa erika hizo, kwa hiyo si baridi peke yake inayofupisha. Andika hilo pembeni, litakuja kwenye mtihani.

Ukiishika kanuni hiyo, safiri kutoka Masasi kwenda Newala nayo ikuvunjikie mkononi. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe kama Mtandi, na uoto wake wa asili ni miombo: miti iliyosimama kwa kuachiana nafasi. Unapanda ukingo wa uwanda wa juu wa Makonde ukitarajia mimea ipungue kwa adabu. Badala yake unakuta vichaka vilivyosongamana kiasi kwamba mjusi huomba njia. Daktari Karl Weule, Mjerumani aliyekaa Newala mwaka 1906 akichunguza watu, alilazimika kuandika juu ya vichaka pia. Huo ndio mwanzo wa kuheshimika kwa taaluma yetu, ingawa yeye hakuupima upenyeko hata mara moja.

Wanagenzi husema kanuni imeshindwa. Sivyo. Uwanda haukusoma kanuni. Uwanda huu umeinuka upande wa magharibi, unateremka polepole kuelekea Bahari ya Hindi, hivyo hewa yenye unyevu hupanda taratibu kutoka pwani ikipoa njiani. Mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Udongo ni mchanga wa kina kirefu unaokunywa maji yote. Juu hakuna mito, na zamani kina mama walikuwa wakiteremka hadi chemchemi za chini ya ukingo, kisha wakapanda na mitungi kichwani. Mzizi wa kichaka hufanya safari hiyohiyo bila kulalamika. Halafu kuna jembe na panga: shamba likichoka huachwa, visiki huchipua vyote kwa pamoja, na vichaka-kaimu elfu hupata ajira siku moja. Hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote, na mwinuko haustahili kupewa sifa zisizo zake.

Aina ya I: Kichaka-ukingo. Hupatikana Shimo la Mungu, pale Newala, ambapo ardhi inakatika na macho yanateremka hadi bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Upepo hukipunguza kimo. Hukaa kikitazama nchi ya kigeni bila pasipoti.

Aina ya II: Kichaka-songamano. Hugawanyika kuwa (a) kichaka kinachoziba njia na (b) kichaka ambacho njia imekiziba. Tofauti hizi zimegawa kizazi kizima cha wataalamu, yaani mimi na msaidizi wangu. Chini ya (b) humo ndimo hujificha ming'oko, viazi vya porini vinavyotaka kichaka cha kupandia. Kwa hiyo anayefyeka vyote atakula maneno.

Aina ya III: Kichaka-mlo. Mbaazi haina ubishi. Muhogo nao, kisayansi, ni kichaka, lakini nilipomweleza hivyo mama mmoja wa Chilangala, aliitikia shikamoo yangu, akaniangalia kwa muda, akaendelea kulima.

Mkorosho si kichaka, hata matawi yake yakilala chini namna gani. Suala hilo nimelifunga kwa sababu za kiusalama: ndio unaolipa ada za wanafunzi wangu.

Zoezi: chagua kichaka kimoja cha Aina ya II, pima kimo chake, kisha upenyeko wake. Vaa shati kuukuu. Kazi iletwe kabla ya mvua za Desemba, maana zikishanyesha mlango wa ofisi yangu nao utaingia kwenye Aina ya II (a).