Namna ya Kuchagua Nyimbo na Masomo ya Sikukuu Bila Kufungua Kalenda

Tuseme uko Saza, mkoani Songwe. Pentekoste imekaribia, kuna kipaimara, na humo humo kuna harambee ya mabati. Kazi ya kupanga nyimbo na masomo umepewa wewe, kwa kosa la kutohudhuria kikao.

Usiiguse kalenda ya liturujia. Ukiifungua tu utakuta kazi imekwisha: tangu 1969 masomo ya Misa za Jumapili yamepangwa kwa mzunguko wa miaka 3, Mathayo mwaka A, Marko B, Luka C. Tena masomo ya Pentekoste hayabadilishwi ati kwa sababu mgeni rasmi anampenda Malaki. Sasa kamati itakaa kujadili nini? Na isipokaa, soda zitanywewa na nani?

Mjumbe mmoja atapendekeza Ayubu sura ya 28, kwa kuwa inasimulia watu wanaochimba ardhi kutafuta dhahabu. Mkubalie haraka. Mwenye duara, yaani shimo la dhahabu hapa Saza, akisikia katajwa kwenye Biblia, bahasha itanenepa. Ila isisomwe hadi mwisho, maana Ayubu anageuka na kusema hekima haipatikani shimoni wala hainunuliwi kwa dhahabu, na maneno hayo hayaezeki paa.

Msomaji mchague kwa kitenge. Asipewe somo mapema, akaja amelizoea. Katika Matendo sura ya 2, akifika kwa Waparthi atapunguza mwendo kama lori linaloingia foleni ya Tunduma. Frigia na Pamfilia hazitavuka mpaka. Hakuna atakayegundua kwamba ile orodha ya makabila, kila mtu akisikia kwa lugha yake, ni Saza yenyewe, ambako dhahabu imewakutanisha Wabungu, Wanyiha, Wasukuma na Wanyakyusa jirani na mgodi wa zamani uliofungwa 1956. Padre angeweza kuhubiri juu ya hilo peke yake. Lakini ana matangazo.

Tuje kwenye nyimbo. Kwaya ina wimbo mpya, solfa yake imetolewa kopi Alhamisi, na besi bado wanautafuta. Uwekeni mwanzo. Zaburi ya katikati ni sehemu ya Neno la Mungu, lakini haina sebene, kwa hiyo badala yake wekeni wimbo wa kwaya wenye sebene. Sekwensia, inayopaswa kuimbwa Pentekoste kabla ya Aleluya, irukeni: haina kiitikio na haichezeki. Katekista akinung'unika, mkabidhi usimamizi wa bodaboda nje.

Wimbo wa matoleo usihangaike na maneno yake, tazama urefu. Nimeona kwa macho yangu beti zote 6 zikiisha, mchele, ndizi na kreti za soda zimefika altareni, na mbuzi bado yuko mlangoni, miguu ya mbele ameikita kwenye sakafu, wazee wawili wanamsukuma kwa nyuma. Kwaya ikarudia ubeti wa kwanza mara 4. Ulikuwa wimbo wa Kwaresima, lakini mbuzi aliingia.

Ukibanwa sana na dhamiri, kalenda ipo. Imekunjwa chini ya mguu wa stendi ya kinanda, isiyumbe. Tafadhali usiichomoe kabla Misa haijaisha.